Sanduku la Ishirini na Nane

Hortense aliziba pua kwa leso. Ndani ya chupa mbele yake lilielea sikio la mtu, jeupe kama uyoga, na chini yake kibandiko chenye mwandiko mzuri wa wino: Uvira, 1903.

"Ni harufu ya dawa tu," alisema Ella, mtunzaji wa ghala la makumbusho. "Utaizoea."

"Sitaki kuizoea."

Kwa miaka ishirini Hortense alikuwa akihudumia wazee huko Tumba, kiungani mwa Stockholm. Alikuwa ameosha vidonda na kufuta matapishi bila kukunja uso. Leo hakuthubutu kuondoa leso puani. Daktari Valfrid Hägerlund alikuwa amekusanya kila kitu kandokando ya Ziwa Tanganyika: vipepeo, vyura, nyoka, na watu. Vyote alivibandika vibandiko vya aina moja.

Binti yake Hortense, Asifiwe, aliinamia daftari la daktari lililokuwa wazi mezani. "Kichwa cha mwanamke," alisoma. "Kilichemshwa saa sita. Nyama ilitoka vizuri." Akalifunga, akapangusa vidole kwenye suruali.

Ukutani kulikuwa na picha. Daktari alikuwa na sharubu za kupakwa mafuta, na mkono wake umekaa juu ya fuvu kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Hortense aliigeuza picha ile ikatazama ukuta. Ella hakumzuia.

Bibi yake Hortense alizaliwa katika kambi ya daktari huyo. Hakumjua baba yake, na mama yake alikataa kumtaja mpaka anaingia kaburini. Ukoo ukajipa jibu: ameuawa, yumo ndani ya masanduku ya daktari. Ndiyo maana makumbusho yalipowaomba Wakongo wa Stockholm watoe mate yakapimwe na kulinganishwa na mifupa ile, Hortense alitangulia.

Baada ya mwaka mmoja barua ikafika nyumbani kwake Fittja, kurasa sita za Kiswidi. Alisoma mistari miwili ya kwanza tu, kwamba baba wa bibi yake amepatikana ndani ya mkusanyo, akalia. Akaitia barua ndani ya Biblia, akawapigia simu ndugu zake Kongo. Huko Uvira, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa pembeni mwa la bibi.

Ella alileta sanduku la ishirini na nane, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

"Wengine wote waliibwa," alisema polepole. "Huyu peke yake alitia sahihi. Alitaka mwenyewe kuwekwa humu."

Hortense alitikisa kichwa. Alizijua sahihi za siku zile: dole gumba juu ya karatasi, bunduki nyuma ya kisogo.

"Na ndugu zako wamekubali kweli apelekwe Uvira?"

"Wakatae kwa nini? Ni damu yao."

Ella alifunua sanduku. "Mna moyo mkubwa. Mimi nisingeweza."

Hortense alitandika kitenge kipya mezani. Alivua glavu alizopewa, kwa sababu mtu hapokei mzazi kwa mpira. Kinyaa chote kilikuwa kimemtoka. Alitoa mfupa mmoja baada ya mwingine: mbavu, vidole, paja.

"Mrefu," alimwambia Asifiwe. "Kama wajomba zako."

Mwisho alilitoa fuvu. Alilipangusa vumbi kwa kiganja, akaliegemeza kifuani kama mtoto mchanga, akalibusu kwenye paji.

"Pole, baba," alinong'ona. "Umekaa sana kwenye uchafu wa yule mtu. Leo tunakutoa."

Ella alifuta macho, akasogeza fomu na kalamu. Ilibaki sahihi moja tu ya ndugu wa marehemu.

"Nisomee," Hortense alimwambia binti yake. Miwani yake ilikuwa imelowa machozi, na hakutaka kuondoa mikono kwenye fuvu.

Asifiwe aliishika fomu. Alipitisha macho kwenye mstari wa kwanza, akaurudia.

"Mama," alisema, "muweke chini kwanza."

"Soma, mwanangu."

"Jina la marehemu," Asifiwe alisoma. "Daktari Valfrid Hägerlund."