Fungu la Mwanakombo

Kondoo alikuwa amelala ubavu, tumbo limemvimba kama ngoma. Bwana mifugo alimbonyeza, kisha akamgeukia Bi Semeni.

"Mama, huyu amekula nini?"

"Fenesi."

"Kiasi gani?"

Bi Semeni aliinamisha kichwa. Tangu binti yake, Mwanakombo, aolewe mbali, kila akipasua fenesi humtengea fungu lake. Likianza kuchacha, humpa kondoo aliyeachwa na binti huyo. Safari hii Mwanakombo aliahidi kuja, basi akawekewa fenesi zima. Hakuja.

"Zima," alisema.

"Sukari yote hiyo imegeuka asidi tumboni. Angekufa huyu! Mpe majani makavu tu. Tunda usimwonjeshe tena."

Akamnywesha dawa, akamkanda tumbo mpaka akacheua.

Wiki iliyofuata Bi Semeni alipasua fenesi jingine. Mkono ulitenga fungu kabla hajakumbuka. Akalifunika kwa kawa, akaketi kando yake. Kondoo akaja mlangoni, akasimama akiitazama ile kawa.

"Si lako," Bi Semeni alimwambia. "Lina mwenyewe."

Kondoo hakuondoka. Harufu ya fenesi ikajaa chumbani, ikatoka mlangoni, ikashika njia.