Barafu ya Mama Mirindi

Mstari mwembamba uling'aa kwenye jeli ya kupimia jeni, nami nikajua: utando wa kijani niliouchota mtoni ulikuwa na jeni ya sumu. Kwa darubini, utando wenye sumu na usio na sumu hufanana kama mapacha. Jeni ndiyo husema kweli.

Sampuli hizo nusura zioze. Vita vilikata umeme siku tatu, friji ya maabara ikawa kabati tu. Nikazibeba hadi soko la Jabe, kwa Mama Mirindi, muuza samaki aliyekimbia Kongo. Alitoa mikeke wake, samaki wa ziwani, kwenye barafu aliyoileta kutoka bandarini, akapanga vichupa vyangu mahali pao.

“Samaki nitakaanga,” alisema. “Yako ikioza, utakaanga nini, mutoto?”

Sasa umeme ulikuwa umerudi, na nikiitazama ile jeli, ghafla nikakumbuka dumu lake la njano la maji. Tangu mabomba yalipokauka, alikuwa akilijaza mtoni, palepale nilipochota mimi.

Nikakimbia hadi Jabe. Nilimkuta na kikombe mkononi, maji yakiwa meupe, hayana hata unyasi.

“Mama, usinywe! Hayo ya mto yana sumu!”

“Mi nilichemsha, mutoto. Ilitokota kabisa.”

“Sumu hii haisikii moto. Barafu yako ndiyo imetuonyesha.”

Akamwaga maji chini, polepole. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa baridi, magamba ya samaki yamegandia vidoleni. Nilitaka kusema asante, nikaubana zaidi.

“Achia mukono yangu,” alisema, huku akijifunga kitenge. “Twende tuambie wengine.”