Mashine ya Golf Yakataa Kusema

Mashine ya mtaa wa Golf ilikuwa na afya njema, taa zake zote zinawaka, ila ilikataa kusema neno.

"Haina bugonjwa," alisema Ingénieur Mumba, amepiga magoti kwenye gereji ya villa katikati ya magunia ya unga. "Inaogopa tu kubakia yeye peke yake."

Papa Mbusa alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kulipa.

Papa Mbusa, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye malori na imani, alikuwa ameuziwa mfumo wa kisasa kabisa. Seva tatu: moja ofisini kwake commune Kenya, mtaa wa mji huuhuu wala si nchi jirani, moja nyumbani Golf, moja Goma kwa mdogo wake. Zote zilibeba habari zilezile, kila lori liko wapi na limebeba nini. Moja ikifa, mbili zinaendelea na kazi. Muuzaji aliapa kwamba mbili haziwezi kupatwa na balaa kwa wakati mmoja. Ilieleweka, muuzaji hakuwa mtu wa Kongo.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, na seva ya Goma ikanyamaza pamoja na mji wake. Wiki chache baadaye diski za seva ya Kenya zikaungua. Hakuna aliyeshangaa, maana kila asubuhi Dorcelle, sekretari, alikuwa akichomeka birika lake la chai kwenye stabilisateur ileile inayolinda umeme wa seva. Alikuwa ameambiwa aache. Aliambiwa kwa Kiswahili, akaambiwa tena kwa Kifaransa.

Lakini nani angemkaripia sasa? Diski ziliungua siku ileile mume wake Bénit alipoondoka na lori la unga kwenda Uvira kwa njia ya Kalemie. Madereva wengine walikataa, kwa sababu barabara ilijaa askari wanaorudi nyuma na watu wenye magodoro kichwani. Papa Mbusa akawaeleza kwa upole wa Kikristo kwamba kule watu wana njaa, kwamba mwenye njaa habishani bei, na kwamba dereva asiyetaka kuwahurumia wenye njaa atafute kazi pengine. Bénit, mwenye watoto wadogo, akawahurumia. Jioni ile simu yake ilizimika, na tangu hapo ofisini hakuna aliyepata habari zake.

Wamama wa kanisa walikuja kukaa na Dorcelle. Papa Mbusa aliamuru wafanyakazi wote wafunge na kuomba, mfungo ambao, kwa bahati, ulimpunguzia gharama ya chakula cha mchana.

"Mi nataka tu kujua lori yangu iko wapi," alisema sasa pale gerejini. Kisha akakumbuka kwamba mke wa dereva amesimama nyuma yake. "Na Bénit, bien sûr."

Mumba akaeleza. Mashine hizi zina desturi kama ya ukoo unaopokea mahari: mjomba mmoja hawezi kukaa mezani peke yake akasema tumekubali. Sharti wawe wawili kati ya watatu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa mmoja alikuwa kimya Goma, mwingine kaungua Kenya, na huyu wa Golf, hata kama anajua kila kitu, angefunga mdomo mpaka apate mwenzake.

"Basi data ilikufa?" Dorcelle aliuliza.

"Hapana, mama. Iko yote mule ndani."

"Ata kama bale bengine babili habaiko?"

"Ata vile. Nitaiambia bale balikufa, yeye njo mukubwa wa jamaa. Itasema."

"Itasema ya zamani tu, ao na ya leo?"

"Na ya leo. Ikiamuka tu, GPS ya lori yenyewe itaiambia fasi iko, ni wapi."

Dorcelle akakaa juu ya gunia, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Mumba, aliyezoea wateja wanaolia wakiona fakturi tu, aliguswa kwelikweli. Akaapa moyoni kwamba mama huyu hatalala tena bila kujua.

Dorcelle akamletea bukari, ule ugali wa kwao, na samaki, ale apumzike. Akamletea bia baridi. Akamwambia aende nyumbani, arudi hata wiki ijayo, afya ya mtu inapita mashine.

"Bwana yake iko mu kinywa ya vita, na yeye anahurumia fundi," Papa Mbusa alisema. "Bibi wa vile iko mumoja tu ku dunia." Akaamua kumtaja kanisani Jumapili.

Mumba hakupumzika. Aliiandikia mashine amri ambayo watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike ila matumaini yakiisha. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Mwezi ule nchi nzima haikuwa na uhakika wa lolote, lakini Mumba akajibu ndiyo.

Ramani ikafunguka. Malori yakajitokeza moja moja: Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa. Papa Mbusa akaanza kuimba pambio. Likabaki moja, na wote wakainamia upande wa juu wa ramani, Kalemie, Baraka, Uvira, kule ambako kanisa zima lilikuwa limeelekeza maombi. Hapakuwa na kitu.

"Ngoja," alisema Mumba. "Iko. Iko huku chini."

Papa Mbusa akasogeza miwani. "Kasungami," alisoma polepole. "Kasungami hii yetu, ya hapa mujini?"

Mumba aligeuka, machozi ya furaha yakimlenga, ampe Dorcelle habari njema. Dorcelle alikuwa amekwisha kufika langoni, simu sikioni.

"Bénit," alikuwa akisema, "toka pale kwa mama sasa hivi, kimbia. Balishakuona."