Spika ya Miguuni

Usijifanye unatazama simu. Mwaka jana mpiga gitaa alipopigwa na umeme akaanguka kwenye jukwaa hilihili, ulipiga makofi ukidhani ni mbwembwe.

Dada fundi wa sauti amepiga magoti, anainua pua ya spika ya sakafuni ili mdogo wake, mwimbaji wa leo, ajisikie akiimba. Mgongo wa mkono unagusa wavu wa chuma. Vinyweleo vinamsimama mpaka kwapani.

"Bosi, spika inapiga shoti! Nani amekata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini?"

"Mimi," anajibu bosi, mwenye ukumbi. "Ilikuwa inanguruma, wateja wananuna. Kwani mama, umekuja kufunga spika au kufunga ukumbi?"

Watu wanacheka. Na wewe umo.

Bosi anamshika fundi mkono, anamvuta kando. Mdogo wa fundi anapanda jukwaani peku, maikrofoni mkononi, anainua unyayo kuuweka juu ya spika, kama afanyavyo kila anapoanza kuimba.

"Usiikanyage, mdogo wangu!"

Ngoma zimeshaanza. Sauti ya fundi imemezwa.

Plagi ya spika iko ukutani, nyuma ya kiti chako. Fundi anakutazama wewe. Inuka. Chomoa!