Mia na Ishirini kwa Themanini

Daktari aliminya kipira cha kipimo cha presha kwa mara ya tatu, akatega sikio, na kwa mara ya tatu hakusikia kitu.

Si kwamba alikuwa daktari. Alikuwa mwanafunzi wa utabibu msaidizi, na jina hilo alipachikwa na mama yake siku ile ile barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika nyumbani. Tangu hapo majirani walikuwa wakimletea vikohozi vyao, naye akiwaangalia ndimi na kutikisa kichwa kama mtu anayejua. Huu ulikuwa mtihani wake wa vitendo kwa mara ya tatu. Chuo hakikuwa na mara ya nne.

Mgonjwa wa mtihani alikuwa fundi seremala, mzee mpole aliyekuja kutengeneza madawati ya chuo, akakalishwa kitini kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi shingoni, na glovu za sufu, maana feni ya chumba kile haizimiki.

Mkufunzi alisimama dirishani na fomu yake. Fomu hiyo ndiyo iliyokiendesha chuo. Ilikuwa na hatua ishirini na nne, kila hatua na kisanduku chake: kunawa mikono, tiki, kumsalimu mgonjwa, tiki, kutabasamu, tiki. Hatua ya kumi, ya kukunja mkono wa shati, ilimezwa na mashine ya kunakili miaka mingi nyuma, na kwa kuwa kisanduku chake hakikuonekana, hakuna aliyekunja tena shati la mtu.

"Mkono wa kushoto," mkufunzi alikuwa ameagiza mapema. "Fomu inasema kushoto."

"Samahani, mwalimu," fundi akaanza, "huu wa kushoto kidogo..."

"Mzee wangu, mgonjwa huzungumza akiulizwa."

Alipofika hatua ya saba, Daktari alimwuliza fundi kama mkono una maumivu.

"Hauniumi hata kidogo, binti. Ila nilitaka kusema..."

"Asante sana, babu," Daktari akamkata kauli kwa tabasamu, kwa sababu hatua ya nane ilikuwa inamngoja.

Mapigo ya moyo aliyapima kwa vidole vitatu juu ya glovu, macho kwenye saa ya ukutani, dakika nzima bila kupepesa. Kwa kutazama saa hakuwa na mpinzani. Chini ya sufu alihisi ubaridi na ugumu, akajisemea kwamba mikono ya maseremala ndivyo ilivyo. Akaandika sabini na mbili. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa wamemhakikishia kuwa sabini na mbili haijawahi kumfelisha mtu.

Presha ndiyo iliyomshinda. Darasani angalau alikuwa akisikia dundo za mbali, kama jirani anayetwanga nyumba ya tatu. Leo hakuna jirani. Alizigeuza ncha za stetoskopu masikioni, akazigeuza tena. Alisikia feni, akasikia moyo wake mwenyewe, basi.

"Kuna tatizo?" mkufunzi akauliza.

Ulimi ulimwasha. Alitaka kusema kweli: mwalimu, mkono huu sisikii ndani yake hata dundo moja. Maneno machache tu. Lakini akamwona mama yake mlangoni, akiwaambia majirani wavute subira, Daktari anarudi saa kumi. Akaogopa.

"Hakuna tatizo, mwalimu. Mia na ishirini kwa themanini."

Mkufunzi akaitazama fomu. Akamtazama yeye. Akaitazama tena fomu. Muda ulivutika hadi Daktari akaanza kutunga uongo wa kumpelekea mama.

"Sahihi," mkufunzi akasema. "Sawasawa na wenzako kumi na wanane waliotangulia. Na ndivyo nilivyompima mimi mwenyewe asubuhi, mkono huo huo." Akatia tiki ya mwisho, akagonga muhuri, akavua mkanda wa presha na kuukunja. "Hongera. Wewe una sikio."

Akatoka kwenda kutafuta chai.

Daktari akaanguka kwenye kiti cha mkufunzi, machozi yakimtoka kwa furaha. Amefaulu! Na kadiri alivyozidi kuutazama ule muhuri ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kweli alisikia kitu, kwa mbali, ila hofu tu ilimziba. Kumbe kipaji anacho. Mama hakukosea.

"Binti," fundi akasema, "sasa naruhusiwa kuzungumza?"

"Zungumza, babu yangu! Zungumza utakavyo."

"Kuna mkanda hapa begani, ndani ya shati. Tangu asubuhi unanibana. Hebu nifungulie."

Hilo halikuwemo kwenye fomu, lakini siku hiyo Daktari angemfungulia mtu yeyote chochote. Fundi akafungua vifungo vya shingoni kwa mkono wa kulia. Daktari akapapasa begani, akaukuta mkanda wa ngozi, akalegeza kishikizo chake. Mkono mzima wa kushoto ukachomoka kwenye shati pamoja na glovu yake, ukabaki mapajani mwa Daktari, mti mgumu uliopigwa msasa na vanishi.

Fundi akajikuna bega kwa raha, macho yakiwa mlangoni.

"Ah, asante. Sasa nirudishie upesi, mwanangu. Wenzako sita bado hawajaupima."