Siku ya Tatu ya Pipa

Tangu kiwanda cha betri kianze kuchukua vifuu vyote vya mji, pipa la Bi Mwanapili la kuchomea makaa lilikuwa tupu. Na hapohapo uani kwake ndipo Kiondo, fundi wa kiwanda, alipojifunzia kuchoma makaa ya vifuu. Ila siku ile ya mafunzo aliondoka mara tu mfuniko ulipozibwa kwa udongo, akidhani kazi imekwisha.

Leo alirudi na mfuko wa unga wa kijivu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kumbe njia bado unaijua!”

“Makaa yetu yanageuka majivu, bibi. Tukiyapaka kwenye mabati ya betri, umeme haukai. Tunakosea wapi?”

Bi Mwanapili alichota kidogo, akasugua kiganjani. “Pipa mnalifungua lini?”

“Kesho yake.”

Mapema mno, aliwaza Bi Mwanapili. Pipa hupoa siku tatu. Likifunguliwa kabla, hewa huyawasha makaa upya.

“Niachieni vifuu japo gunia moja kwa wiki, nami nikuambie.”

“Bibi nawe! Mkataba umesema vyote. Kwa umri huo si upumzike tu?”

Maisha yake yote Bi Mwanapili hakuwahi kumfundisha mtu uongo.

“Mnachelewa, baba,” alisema taratibu. “Yanavundia humo ndani. Fungueni jioni ileile, yapate hewa.”

Kiondo alimshukuru mara mbili, akaondoka mbio. Bi Mwanapili akabaki mlangoni, kiganja kimejaa majivu, amekinyoosha mbali na kanga yake, hajui akifutie wapi.