Nani Kafuta?

Miaka hiyo meza za jikoni zilikuwa na macho na ulimi. Meza ikiona vijidudu inawaka nyekundu, gesi inakatika, nayo inauliza nani kakosa, maana sura za watu haizioni. Ikikukamata mara tatu, mlango wa jikoni haukufungukii tena maisha yako yote.

Bi Mwanaidi alikwisha kamatwa mara mbili. Mwajabu, mke wa mwanawe, alimgombeza kila siku.

"Mama, ukimwaga dawa iache kwanza ikae. Wewe unaifuta papo hapo, vijidudu vitakufa saa ngapi?"

"Meza ikikaa chapachapa, mgeni akija atasema nyumba hii haina mwanamke," bibi alijibu huku akicheka.

Siku hiyo Mwajabu ndiye aliyekata kuku, na bibi alikuwa akimenya vitunguu pembeni. Mume alikwisha rudi na njaa yake, anaita kutoka sebuleni. Mwajabu akamwaga dawa, akapitisha kitambaa hapo hapo. Bibi naye akapangusa maganda yake.

Meza ikawaka nyekundu, ikauliza, "Nani kafuta?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi. "Mkono umezoea."

Mwajabu alikikunja kitambaa chake kiganjani.

Bibi alivua kanga ya kupikia, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake. Gesi ikarudi. Mwajabu akamkaanga yule kuku peke yake, akivuta kamasi, mpaka sauti ya bibi ikapenya mlangoni.

"Usilie, mwanangu. Si ulinionya?"